Umejitengenezea boti? Ipime hivi kwenye maji ya kiuno kabla hujaipeleka kwenye maji mengi

Swali ni lile lile, anabadilika muulizaji tu: "Kaka nimeunda boti yangu ya plaiwudi hapa nyumbani, futi 12, nimeitia majini inaelea safi haivuji hata kidogo, naweza kwenda nayo kisiwani na jamaa zangu watatu?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwaiyo naandika yote hapa, na wewe ukiulizwa mtumie mwenzako asome.

Jibu ni bado. Kuelea hata beseni la kufulia linaelea. Kutovuja nako watu wanakushangilia bure, boti inayovuja unaiona inavuja, unatoa maji, unarudi. Inayoua ni ile inayopinduka ghafla, alafu ikishajaa maji inakwenda chini na injini yake mnabaki hamna cha kushika. Ndo maana vipimo karibu vyote vya hapa chini ni vya maswali mawili tu, inapinduka kirahisi? na ikijaa maji inabaki juu?

Haya mambo sikuyasoma popote. Boti yangu ya kwanza niliiunda uani kwetu Tanga, na ili nisipoteze mbao plaiwudi moja nikaipasua katikati kwa urefu, kitako kikatoka upana wa futi 2 tu, mbavu zimesimama wima kama kabati. Nimepaka rangi ya bluu nimeandika na jina. Tukaingia mimi na mtoto wa mjomba, maji yanatufika kifuani, akainama kuokota kafi lililoangukia upande wake, basi. Hatukusikia kishindo wala nini, nilishtukia niko chini ya boti, giza, mdomoni chumvi. Pembeni palikuwa na mzee anakalafati mashua yake (anaziba nyufa za mbao), akaweka nyundo chini, akaja polepole akaigonga kwa kidole akaniuliza, "Mwanangu, hili sanduku umeunda la nguo au la maiti?" Huyo mzee ndo kanifundisha nusu ya haya.

Sasa twende kazi. Hapa sifundishi kuunda, napima iliyokwisha kuundwa.

VITU VYA KUANDAA

- Mahali. Maji tulivu ya kiunoni, chini mchanga, pasiwe na mawe wala mkondo. Kama ni baharini pima maji yakiwa yanajaa, usipime yanapokupwa maana yanakuvuta kwenda nje, na chagua siku za maji mafu (kujaa na kupwa ni kidogo), bamvua (maji makubwa) liache lipite. Kama ni ziwani nenda asubuhi upepo haujaamka, na waulize wenyeji kuhusu mamba na viboko, na kichocho kipo usikae majini siku nzima bila sababu.
- Watu watatu wanaojua kuogelea. Mmoja anabaki mchangani na simu, haingii majini hata mkimwita kwa utani.
- Laifu jaketi kwa kila anayeingia, imevaliwa na imefungwa. Ile ya kukalia kama mto haihesabiki.
- Kamba mita 30, ile ya plastiki inayoelea. Inayozama itakwenda kujizungusha kwenye propela.
- Madumu ya lita 20, kumi au zaidi, na maji ya kujaza. Haya ndo mizigo yako ya kupimia.
- Upo wa kutolea maji, usipokuwa nao kata dumu la lita 5 ubavuni uache mpini. Na ndoo moja.
- Futi ya kupimia, chaki au makapeni, tochi, bisibisi ya bapa.

Kuhusu mizigo, watu wanapenda viroba vya mchanga au mawe. Usifanye. Mchanga boti ikizama unaivuta chini na unaweza kukubana miguu. Dumu la maji lina kilo 20 likiwa ndani ya boti, lakini likishazama kwenye maji wenzake ni kama halina uzito, haliburuzi kitu. Rahisi na bei ni bure.

HATUA

1. Ipekue ikiwa nchi kavu.

Chukua bisibisi uchome kila kona, kila palipoungwa, hasa chini karibu na mkuku (uti wa mgongo wa boti) na kule nyuma kwenye bao la kushikia injini. Ikizama kama kwenye keki hapo pameoza au gundi haikushika. Usiku mtu awashe tochi ndani wewe uko nje gizani, panapopenya mwanga maji nayo yatapenya. Misumari ya kawaida ya kujengea banda kama ndo uliyotumia itoe kabisa, kwenye maji ya chumvi inaliwa na kutu ikiwa ndani ya mbao wewe huoni, siku ya siku ubao unafunguka kama mlango.

Na plaiwudi yenyewe je? Kama una kipande kilichobaki kichemshe kwenye sufuria lisaa limoja au mawili, kianike kikauke, kisha kitazame ubavuni. Tabaka zikiachana hiyo ni ya fanicha, gundi yake sio ya maji. Najua unachofikiria, "lakini nimepaka rangi mikono mitatu". Rangi itakwaruzwa na mchanga siku ya kwanza tu.

2. Tia maji ndani, sio nje.

Ikiwa bado mchangani mimina maji ndani kama sentimita 10, zunguka nje uangalie yanapotoka, weka alama ya chaki. USIJAZE ZAIDI YA HAPO. Boti ya mita 3 kwa mita 1 yenye maji ya sentimita 10 imebeba kilo 300, na huko nchi kavu hakuna kinachoishikilia kwa chini, itapasuka utalaumu fundi wakati fundi ni wewe.

Walioshona mbao za kawaida wasipaniki. Mbao kavu lazima ivuje siku ya kwanza, inakunywa maji inavimba inajibana yenyewe, iache majini siku mbili ndo uanze kuhesabu. Plaiwudi na faiba hazina huo msamaha, zikivuja zimevuja.

3. Itie majini ikiwa tupu, imefungwa kamba.

Usipande. Iangalie imekaaje, imelala upande? pua imechomoka juu? Chora mstari maji yanapoishia kushoto na kulia, omo (mbele) na tezi (nyuma). Iache nusu saa, rudi uangalie mstari. Ukikuta umezama maji yanaingia na hukuyaona hatua ya 2.

4. Ipakie mzigo wote mpaka mwisho.

Hesabu kwa ukweli. Mtu mmoja weka kilo 75, wewe mwenye kitambi unajijua. Injini ya HP 15 inakaribia kilo 40, petroli lita 25 ni kama kilo 18 ukiacha tangi lenyewe, nanga, nyavu, barafu, samaki wa kurudi nao (hawa wanasahaulika kila siku wakati ndo safari yenyewe). Jumlisha, gawa kwa 20, hayo ndo madumu yako, yapange pale pale vitu vitakapokaa.

Sasa pima kutoka usawa wa maji mpaka mdomo wa boti, pale palipo chini zaidi. Mimi kwa boti ndogo ya wazi sikubali chini ya sentimita 30, na hiyo ni kwa maji ya ndani, sio bahari kuu. Ukipata 15 punguza mtu, usijipe moyo kwamba "leo shwari". Na boti iliyopimwa baharini ikipelekwa ziwani inakaa chini kidogo zaidi kwasababu maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi.

Kujaza kupita uwezo sio ugonjwa wa boti za uani tu. MV Nyerere ilikuwa kivuko kabisa, na tarehe 20 Septemba 2018 ilipinduka ikiwa karibu kufika gati la kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa watu 101, waliokufa peke yao walizidi 220.

5. Ilaze upande.

Hapa ndo boti nyingi zinafelia, usiruke. Toa nusu ya madumu, waingie watu wawili, wakae wote ukingo mmoja kama wanavuta wavu. Mdomo wa boti ukigusa maji imefeli. Mmoja asimame, atembee kutoka tezi mpaka omo. Fanya kila ujinga ambao mtu mwoga atafanya akiona wimbi.

Alafu mimina ndani ndoo tatu za maji, lita 60, rudia yote. Hii hata mafundi wengine wazoefu hawaifanyi. Tazama yale maji kwa macho, boti ikilala kidogo kulia maji yote yanakimbia kulia, yanaongeza uzito kule kule inakolalia, inalala zaidi, yanakimbia zaidi. Utasikia sauti yake, shwaaa, kisha kimya kidogo, kisha shwaaa upande wa pili, na kila safari inachelewa zaidi kuinuka. Boti iliyokuwa imetulia kama meza dakika tano zilizopita inageuka kitu kingine kabisa kwa ndoo tatu tu. Ukishaona hivyo utaelewa kwanini maji ya ndani yanatolewa yakiwa machache, hayasubiriwi.

Dawa ni kuweka vizuizi vya mbao sakafuni kwa urefu wa boti maji yasipate uwanja wa kukimbilia, au kushusha viti. Viti virefu kama vya baa ndo kosa namba moja la plaiwudi, kila sentimita unayompandisha mtu juu inamsogeza karibu na kupinduka.

6. Ijaze maji mpaka mdomoni.

Ndio, makusudi. Nyuma panataka uzito wa kuwakilisha injini, ila kumbuka nilivyosema dumu la maji likizama halina uzito, kwaiyo kwa kipimo hiki kimoja tu tafuta chuma kizito na ukifunge kamba ya kukivutia. Kisha ilaze ijae. Inatakiwa ibaki juu, imekaa sawa, na watu wawili wameshikilia mdomo wake bila kuizamisha.

Ikizama hujaongeza vya kuelea. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri linakunyanyulia karibu kilo 19, kwaiyo injini ya kilo 40 peke yake inataka madumu matatu, na faiba inataka yake zaidi maana yenyewe haielei kama mbao. Sasa sikiliza, MADUMU YANAKAA JUU, chini ya mdomo wa boti, kushoto na kulia kwa usawa. Watu wanayapanga sakafuni chini ya mbao za kukanyagia, alafu boti ikijaa maji madumu yanataka kupanda juu yanaigeuza miguu juu. Na yafunge kwa mikanda au yafungie ndani ya kisanduku, kamba ya katani itakatika, dumu linavuta kwenda juu kwa nguvu kweli.

Mengine wanayotumia: lile povu la kupuliza la kuzibia madirisha, linanyonya maji taratibu, baada ya msimu ni zito kama sponji. Na yale maboksi meupe ya kufungia TV yanayeyuka yakiguswa na petroli, na ukiyamwagia resini ya faiba ya kawaida yanayeyuka mbele ya macho yako, niliwahi kupoteza kazi ya siku nzima hivyo.

7. Ipindue, igeuze, panda, toa maji.

Bado maji ni ya kiuno lakini jifanye hufiki chini. Mnaweza kuigeuza mkiwa wawili? Mnaweza kupanda bila kuipindua tena? Mmoja apande kwa nyuma mwingine aibane upande wa pili. Hesabu dakika mpaka ikauke. Kama haiwezekani hapa penye utulivu huko nje usijidanganye. Na upo ufungwe kamba kwenye boti, ukipinduka ndo kitu cha kwanza kuelea zake.

8. Injini ndo ije sasa.

Ifunge kwenye lile bao la nyuma na kamba ya akiba, weka mtu na boti imefungwa ufukweni, iwashe taratibu uangalie bao linavyocheza. Likipinda au likilia, zima. Kile kikamba cha kuzimia injini kifunge mkononi kila siku, ukianguka injini izime, sio boti iendelee kuzunguka ikurudie na propela. Na usiweke HP 40 kwenye boti ya HP 8 kwasababu umeipata kwa bei nzuri, uzito wake tu utazamisha tezi.

9. Safari ya kwanza ni sambamba na ufukwe.

Mita 50 kutoka nchi kavu, kwenda na kurudi, usitoke nje. Wageni wa bahari wanadanganywa na umande, ule upepo wa alfajiri unatoka nchi kavu, pale ufukweni maji yanakuwa kama mafuta mtu anasema leo ndo leo, kumbe ndo upepo unaokutoa nje, na kurudi unaupiga wewe usoni. Kusi (upepo wa kusini) likiwa limekaza, Juni mpaka Agosti, boti mpya iache nchi kavu. Ikirudi salama iache majini usiku kucha uikague asubuhi kama hatua ya 3.

Vikipita vyote hivyo ndo uende kwa wenye mamlaka waikague na kuiandikisha, bara ni TASAC, Zanzibar ni ZMA, Kenya ni KMA. Kipimo chako cha kiuno hakikupi ruhusa ya kubeba abiria wa kulipa.

UKIONA HIVI, FANYA HIVI

Inalala upande mmoja ikiwa tupu: pima mbavu kwa futi, mara nyingi ubavu mmoja una mbao nene zaidi au umenyonya maji. Hamisha vitu vizito, usiongeze jiwe upande wa pili.

Inayumba sana: usitie mawe chini. Vyombo vikubwa vinabeba farumi (uzito wa kutuliza chombo) lakini vimeundwa kwa ajili yake, kwako yatakuwa ya kukupeleka chini tu. Shusha viti, ukishindwa weka matengo (miti ya pembeni ya kuzuia kupinduka). Angalia ngalawa, gogo la mwembe jembamba lisiloweza kusimama lenyewe, wazee hawakuweka yale matengo ya pembeni kwa urembo.

Inavuja kwenye maungio: ya mbao kalafati kwa pamba na mafuta kama kawaida. Silikoni ya dukani ya kubandikia vioo inabanduka, wacha kabisa. Ya faiba kausha kabisa, piga msasa, ziba kwa NJE, maji yenyewe yatakibana kiraka, ukiziba kwa ndani yatakisukuma kitoke.

Resini inanata mpaka leo: hadna (dawa ya kuigandisha) ilikuwa kidogo au ulipaka hewa ikiwa na unyevu. Kwangua urudie, kupaka nyingine juu yake ni kuficha tatizo.

Mawimbi yanaingia mbele: kabla hujapandisha mbavu, ambazo zitaongeza uzito na kukamata upepo, funika omo kwa kipande cha mbao au turubai la kukaza. Mara nyingi inatosha.

Imepinduka mkiwa nje kweli: msiiache. Shikilieni boti, hata imegeuka, msiogelee kwenda ufukweni hata mkiuona uko karibu, unaouona karibu ukiwa majini hauko karibu. Ndo maana tumesumbuka na hatua ya 6.

Imefeli hatua ya 5 na umejaribu kila kitu: kitako ni chembamba na hakitengenezeki. Ng'oa injini, ng'oa bao la nyuma na screw zako za maana, anza nyingine pana zaidi. Ile yangu ya bluu ipo uani mpaka leo na jina lake, mama anaoteshea mchicha. Haivuji hata tone, imebidi tuitoboe.